Mizani ya Ghala

Mtaa huu unaitwa Ghala, na kweli ni maghala:
matairi, vigae, marumaru ya Ibri,
na mwisho wa barabara, kabla ya bonde kavu,
mashine ya kukaangia ya Bi Thuwaiba,
mzaliwa wa Wete, Mwomani wa pasi,
anayenigombeza kwa Kipemba na kunilipa kwa riyali.

Leo lori limeshusha magunia thelathini.
Kwenye la tatu nimesoma, kwa wino wa kijani uliofifia,
CHAMA CHA MSINGI RWAMISHUMO,
na kando yake nembo ya biashara ya haki.
Nikakaa chini. Sakafu ilikuwa ya moto.

Nikatia mkono niitafute kahawa ya mama.
Upuuzi. Ushirika hauzai punje yenye jina.
Ya mama imelala na ya Ta Ishengoma,
aliyeshtakiana naye kwa mpaka wa migomba miwili,
na ya yule mjane wa bondeni
tuliyekuwa tukimsalimia kwa mbali.
Zimekobolewa pamoja, zimevuka bahari pamoja,
hakuna ya kuiambia nyenzake: sogea.

Zamani hatukuuza kahawa. Tuliuza maua.
Baba alipolazwa, tajiri alikuja na daftari,
akautazama mbuni ukiwa mweupe,
akahesabu matawi, akatoa noti,
akaondoka na mwaka wetu mzima.
Butura, tunaiita. Mti wako, palizi yako,
mavuno ya mwenye daftari.
Na waliojikaza wakavuna wenyewe
walikutana na mizani iliyofungwa jiwe chini ya sahani.
Ndiyo maana shairi hili nimeliandika bila mizani:
naijua inavyosema uongo kwa sauti ya hesabu.

Ila katibu wetu, Byabato, ni mtu wa vina
hata kwenye ujumbe wa simu.
Jana usiku aliniandikia, mama akimsimamia begani:

    Mwanangu tunakujuza, mizani sasa yafika,
    Siku hizi nikiuza, sioni wa kunicheka,
    Sindano haitacheza, kilo haitakatika,
    Malipo ya pili bado, twangoja hatujachoka.

Wameinunua kwa senti za ziada, zile za nembo.
Wamekata shauri wakiwa wamekaa kwenye mabenchi ya shule,
siku mbili, wengine wakitaka bati la zahanati.
Kura kumi na tisa kwa kumi na saba.
Mama aliipigia bati.

Saa nne Bi Thuwaiba anamimina kahawa ya iliki.
Kwetu mgeni hupewa akamwani atafune,
kwao hupewa finjani na tende;
ni punje ileile, imeoga tu njiani.
Ananipigia hesabu kwenye kifuniko cha boksi:
kilo moja iliyokaangwa, vikombe hamsini,
kila kikombe riyali mbili kule Qurum.
Kalamu inasimama. Sote tunaitazama ile mia.
"Kodi," ananiwahi, "umeme, maziwa, vibali vyenu."
Simlaumu. Ankara nimeziona,
analipa kupita bei ya soko, na kabla ya mwezi kuandama.
Lakini nembo ni ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho,
na haki, nikiifikiria, haina hata pa kuishikia.

"Haya, Koku. Huko kwenu sasa yatosha?"

Birika liko juu, mdomo wake umeinama.
Hapa aliyetosheka hatamki neno:
hutikisa finjani, kulia, kushoto,
na mwenye kumimina akaelewa.

Nimeinywa mpaka kwenye mashapo.
Nimenyoosha mkono.

Sijatikisa.